Amplifaya ya Tatu Haina Kasoro

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke. Mimi ni mpiga chapa mstaafu, naishi peke yangu tangu mama watoto afariki na watoto wakashika kila mmoja njia yake, na kijana wangu wa mwisho alipohama aliniachia spika mbili kubwa zinazonifika kifuani, basi nikasema afadhali nyumba ipate sauti, nikanunua amplifaya ndogo ya kuzipa nguvu, lakini kila nikipandisha sauti inajizima, nabaki natazamana na ukuta. Nikamwita fundi redio wa mtaa wa pili, mtu wa makamo, mpole, akapima akasema, "Mzee wangu, ubishi uko kwenye spika zako. Zinavuta nguvu nyingi kuliko hii inavyoweza kutoa." Nikanunua ya pili, boksi limeandikwa wati nyingi kweli kweli, ikawa ya moto kama pasi, fundi akarudi, tukanywa chai, akanifundisha kusikia besi inavyopasuka, tukacheka sana maana mimi nilidhani ndivyo mwimbaji alivyo.

Ya tatu tuliichagua pamoja, nzito, tukaibeba wawili huku tunahema, na ikaimba, mshauri, hadi vikombe vikatetemeka kabatini, wala haikuchemka. Fundi akafunga mkoba wake, akacheka, "Haya mzee, umepona, hutaniona tena." Alisema kwa wema tu, lakini niliumia hadi nikashindwa kumsindikiza mlangoni. Tangu siku hiyo muziki ni mzuri na mimi nauzima, maana nitamwambia nani "sikia hapo"? Wiki iliyopita, na hili naona aibu kuliandika, nililegeza waya nyuma ya spika ya kushoto, nikampigia kwamba imekufa. Akaja, akaukaza, akanywa chai vikombe viwili, akaenda zake. Sasa nauliza, ninunue amplifaya kubwa zaidi? Labda hii haitoshi. Nijibu haraka, jioni zimekuwa ndefu.

Mzee wa Spika

*

Mzee wa Spika, pole. Pole sana, na sasa niache nikugombeze.

Amplifaya nyingine ya nini? Spika ngumu zinataka amplifaya yenye nguvu ya kutosha, isiyochemka, isiyojizima sauti ikipanda. Unayo! Wati za kwenye boksi zilishakudanganya mara moja, na masikio yako yameshakupa jibu. Ukileta ya nne nitakuja mwenyewe kuirudisha dukani.

Halafu huo waya. Mtu mzima, umeshinda na mitambo ya chapa maisha yako yote, leo unalegeza waya kama mtoto anayetafuta sababu ya kutokwenda shule? Koma kabisa. Siku nyaya hizo zikigusana utaunguza amplifaya nzima, na hapo utalia kweli.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwenye amplifaya umepita mbio, lakini chai umeikumbuka hadi idadi ya vikombe. Wewe una upweke, baba yangu. Umefiwa, nyumba imenyamaza, ukampata mtu wa kusikiliza naye. Hakuna aibu hapo. Kumdanganya ndiyo aibu.

Na hebu nikuulize. Fundi aliyekulia kwenye nyaya atashindwa kujua waya uliolegezwa kwa mkono? Alijua, mzee. Alijua na akaukaza tu. Kukaza waya ni kazi ya kufumba na kufumbua, maji ya chai hata hayajapata moto, lakini yeye alikaa hadi kikombe cha pili. Unadhani kwake kuna watu wangapi wanaomsubiri?

Kwa hiyo spika usiziguse. Mpigie simu leo, kabla moyo haujarudi nyuma. Usimwambie kuna kilichoharibika. Mwambie, "Njoo tusikilize." Na mkoba wa vifaa auache nyumbani.