Divai ya mukwe ilionjwa mupaka mwisho

Yaya Riziki,
Usishangae hii picha ya milima yenye theluji. Mi niko tu hapa Fizi kwa Mama Mukubwa. Kadi nimepewa na mukwe wake mupya, yule muzungu wa Uswisi aliyechumbia Neema.

Jana alileta divai nyekundu ya milima ya kwao, akasema inapenda fromaji, ile jibini yao, na nyama kavu. Sisi tulikuwa na bugali na zile samaki ndogo za kukauka, ndakala, ulizotuma. Akamumiminia Mama Mukubwa wa kwanza, naye akamurudishia glasi. Unajua kwetu mwenye kuleta kinywaji ndiye anaonja mbele, tuone haina sumu.

"Kunywa we kwanza," Mama Mukubwa akamwambia.

Masikini, akamaliza glasi nzima. Akajaza ingine, nayo ikarudishwa kwa sababu haijaonjwa. Ikawa hivyo mupaka chupa ikaisha, pamoja na ndakala zote, akiapa kwamba fromaji haizifikii.

Leo ameamka anashika kichwa. Mama Mukubwa akaninong'oneza: "Unaona? Iko na sumu."

Unikumbatilie batoto, na utume ndakala zingine kwa motari wa pikipiki. Chupa ya pili iko, na mwenye kuonja tunaye.

Mudogo wako,
Furaha