Ulimwambia Mama wa Menton

Mama Gloria,

Sikuulizi hujambo. Hali yako ya mwisho ulinificha, basi hii ya sasa nitaiulizaje? Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu Sparkbrook, maharage yako motoni, dirisha limelowa mvuke, na nina hasira na wewe. Nimeona nianze na hilo usije ukadhani nimekuletea maua.

Nimerudi Menton, kule kule Ufaransa. Nilikwenda peke yangu wiki ya Pasaka, nikapanda treni ileile ya pwani kutoka Nice, nikakaa upande wa kulia kama ulivyonifundisha, upande wa bahari. Nilifika kwa yule mama mwenye nyumba ya wageni, Madame Josette, yule wa mbwa mnene. Akafungua mlango, akatazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu. Hakuuliza uko wapi. Alinishika mikono yote miwili akaanza kulia, na mimi nilikuwa bado sijatamka hata salamu.

Yule mwanamke alijua, Mama Gloria. Alinikalisha, akanimiminia kahawa, akanieleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Kwamba jioni ya kwanza kabisa ulimwambia una saratani ya kongosho. Kwamba hospitali ilishakueleza kabla hatujaondoka Birmingham, na wiki hiyohiyo ulitakiwa kuonana na daktari bingwa, ukaacha kwenda. Ulimwambia hayo pale ngazini, kwa Kifaransa, nami nimesimama kando yako.

Naikumbuka jioni ile vizuri. Ninyi wawili mliongea kwa muda, akakushika bega, ukacheka kidogo, nami nikacheka pia ili nisionekane mshamba. Nilikuuliza anasema nini. Ukanijibu, "Anatusifu, dada. Anasema tuko bien." Nikatabasamu, nikamwambia merci, neno pekee nililokuwa nalo. Nimelikumbuka tabasamu langu lile mara nyingi sana tangu Pasaka, na kila mara natamani kujipiga kofi.

Hebu niongee kuhusu semina, maana ndiyo iliyonitia kitanzini. Sisi wa kanisa letu tukipata likizo tunakwenda nyumbani. Tunabeba masanduku ya nguo za wapwa, tunafika tunakuta mgonjwa au matanga, tunarudi kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Sasa wanawake wawili wazima, mmoja wa Bukavu na mmoja wa Kitale, kupanda ndege kwenda kutazama maji tu? Wangesema pasi nyekundu za Uingereza zimetupanda kichwani. Basi ukawaambia akina mama kwamba tunakwenda semina Ufaransa. Wazo lilikuwa lako, na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Jumapili ile mke wa mchungaji akatuita mbele, tukawekewa mikono vichwani, tukaombewa safari ya kiroho. Wewe ulifumba macho kama malaika, na mimi niliuma midomo.

Tena akataka tukirudi tutoe ripoti! Ukaitoa. Ulisimama madhabahuni na kitambaa chako cha kijani, ukahubiri juu ya subira, na mahubiri yote uliyachota kwenye kisa cha lile basi la Beaulieu lililotuacha juani asubuhi nzima. Akina mama wakaitikia amina, na ndugu wa kamera akarekodi. Nilikupenda sana siku ile. Nilijiambia, huyu na mimi tuna siri moja duniani, na inatutosha. Kumbe ndani ya siri yetu ulikuwa na chumba kingine umekifunga, na ufunguo umempa mama wa Menton.

Ilikuwa likizo nzuri. Hilo siwezi kukunyang'anya. Mimi Mkenya ambaye sikuwahi kufika Mombasa, bahari nimeionea Nice, nikiwa na miaka ya kuitwa nyanya. Wewe ulichovya kidole, ukalamba, ukatoa hukumu: "Hii ni Ziwa Kivu na chumvi, njo ile tu." Asubuhi tulikuwa tunapanda treni bila kujua tutashukia wapi. Ukiona kituo chenye maua unasema tushuke, tunashuka. Villefranche tulikula samaki wadogo wa kukaanga kwenye karatasi, tukiwa tumevua viatu. Antibes ulibishana na muuza zeituni mpaka akatupatia mfuko mzima ili uondoke. Jioni tunarudi kwa basi la barabara ya juu, lile linalopinda mpaka moyo unaruka, na kila kona unapiga kelele "Yesu!" na abiria wote wanageuka.

Lakini sasa kila kitu nakiangalia upya, na hilo ndilo uliloniibia. Samaki wale niliwala mimi. Wewe ulikuwa unasema, "Kula weye, leo mi nashiba na macho." Siku nyingine tulipanda mabasi kutwa kwa sababu ulidai treni haionyeshi maisha ya watu, kumbe kituo cha basi kilikuwa karibu na mlango na cha treni kina ngazi. Ventimiglia hatukufika, siku ya mwisho, ukasema tubakize mji mmoja wa mwaka kesho. Nani anabakiza mji wa mwaka kesho huku anajua? Nilishangilia lile wazo. Nilikuona una hekima.

Na miwani. Mama Gloria, miwani ile nyeusi ndiyo inayonichoma zaidi. Uliivaa barabarani, uliivaa mezani, uliivaa ndani ya kanisa la watu kule Menton. Nilikutania kutwa kucha, nikakuita mke wa mheshimiwa, ukaringa na kunyoosha shingo. Ulijua mimi ni muuguzi. Ulijua kwamba kwa ngozi zetu manjano ya ugonjwa huo huonekana kwanza kwenye macho, na ulijua nitayaona kabla hujamaliza kusema bonjour. Ukafunika macho yako nisiyaone. Nimelala vyumba vya jirani na wagonjwa maisha yangu yote ya kazi, nimewageuza, nimewasafisha, wazee wa watu ambao hata jina langu hawakulijua. Wewe rafiki yangu ukaona sistahili hata kuambiwa.

Nilimuuliza Madame kwa nini. Akasema ulimwambia hivi: "Dada yangu akijua, atanirudisha nyumbani leo." Ni kweli. Ningekurudisha. Ningekuvua miwani, ningekupeleka uwanja wa ndege na kandambili zako, na ningelala kwenye kiti cha hospitali. Kwani hilo ni kosa? Naijua kazi yangu. Najua ugonjwa ule hauna huruma. Labda ungeongeza miezi, labda hata wiki usingeongeza. Lakini ningechagua pamoja na wewe. Labda ungenishawishi! Ulishawishi kanisa zima kuhusu semina, ungeshindwa na mimi?

Ngoja nikupe habari za huku. Nyumba yako ya Lozells imechukuliwa na familia ya watoto wengi, wameweka mapazia ya zambarau. Yule baba wa duka la Ladypool Road bado anakuwekea sombe, kisamvu chenu, kwenye friza. Nikimwambia hupo tena anasema anajua, ila mkono umezoea. Kwenye kiti chako cha kwaya amekaa msichana anayeimba puani. Gloria wako amekata nywele zote. Anakaa Selly Oak na wanafunzi wenzake, na mimi alikuwa hanisemeshi.

Hilo ndilo hujui, au pengine unalijua na umekaa kimya kama kawaida yako. Siku ya mazishi yako, tuliporudi ukumbini kula, mama mmoja alisema, "Ndiyo maana walikwenda ile semina ya maombi Ufaransa, maskini, alikuwa anatafuta uponyaji." Hakuwa na nia mbaya. Lakini chai ilipofika meza ya nyuma, hadithi ilikuwa imekamilika: Dada Rhoda, ndiye mimi, muuguzi, alijua, na badala ya kukupeleka kwa daktari alikupeleka kuombewa. Nilikuwa naosha masufuria mwanao alipoingia jikoni. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, wewe hasa. Akasema, "You're a nurse, Auntie. You knew, and you took her to pray."

Nilimwambia haikuwa semina, ilikuwa likizo, tulikwenda kutembea. Akanitazama kwa huruma, ndiyo iliyoniuma zaidi. Akasema, jana semina, leo likizo, kesho itakuwa nini? Na video ipo, Mama Gloria. Wewe huyo, kitambaa cha kijani, miwani usoni, unahubiri subira. Nani angeniamini mimi kuliko marehemu aliye madhabahuni? Mtu pekee wa kunitetea ulikuwa wewe, na tulikuwa tumetoka kukufukia.

Nilikuwa nakuombea udhuru wakati ule wote. Nilijiambia, naye hakujua, maskini. Kule wodini ulimwambia yule daktari kijana kwamba maumivu yameanza wiki iliyopita. Akatazama kompyuta, akakutazama wewe, akanyamaza. Niliona yale macho yake. Nimefanya kazi na madaktari, najua wanavyonyamaza wakibeba siri ya mgonjwa, lakini sikutaka kuona. Nilikuamini wewe kuliko macho yangu.

Basi nikarudi kutoka Menton nina ushahidi mfukoni. Nikimwambia Gloria, nimesafika. Lakini nikimwambia atajua kwamba ulijua tangu mwanzo. Kwamba ulikuwa na wiki mbili nzuri za mwisho, ukazipeleka baharini, na yeye ukamwachia chumba cha hospitali. Kwamba siri yako ulimpa mwanamke mwenye mbwa na si yeye, wala si mimi. Sasa hivi ana mtu wa kumlaumu, ni mimi, na wewe anakupenda bila doa. Nilidhani nitakubebea. Kweli kabisa, nilikaa wiki kadhaa nikijiona mwema, nikisema mimi ni mtu mzima, nitavumilia.

Kisha juzi, Jumapili, tumetoka ibadani, simu ikalia. Gloria. Sauti ilikuwa ndogo kama ya zamani alipokuwa anakuja kwangu baada ya shule. Hakunisalimu. Aliuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza siku zote: "Auntie, Mama alijua?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilishafika mdomoni, rahisi kabisa, na lilikuwa na upendo ndani yake, naapa. Nilimwona atakavyolala vizuri. Nilijiona mimi nikiwa mtu mzuri. Na hapohapo nikakuelewa jinsi ulivyosimama pale ngazini, na nikakukasirikia upya kuliko siku ya Madame, kwa sababu niligundua kwamba ulipokuwa unanidanganya ulijisikia unanipenda.

Sikusema hapana. Sikusema ndiyo pia, hilo si jambo la simu. Nilimwambia aje Jumamosi, nitapika.

Mama Gloria, lala. Mimi sina la zaidi la kukuuliza, na wewe huna wa kukutafsiria. Ninachokuahidi ni hiki. Jumamosi nitamkalisha mwanao hapa ninapokaa, nitamwambia yote, hospitali, semina, miwani, mama wa Menton, bila kukata wala kupamba. Sitakulinda. Akilia nitalia naye. Akikukasirikia, na akukasirikie, tutakuwa wawili. Akiniuliza kama ulimpenda nitamwambia ndiyo, maana hilo hukuwahi kulificha. Na akiamka akaondoka bila kuniaga, basi atakuwa ameondoka akiwa ameambiwa.

Mimi sijakusamehe. Nitajaribu, lakini usinihimize. Siku nitakayokusamehe nitakuja makaburini kukwambia wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Dada yako,
Rhoda