Kuku wa Kumwombea Nadège

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Baridi ya asubuhi bado ipo, ile ya kushika mpini wa jembe kama umeshika samaki. Ukungu ulilala bondeni mpaka jua likaufukuza. Lakini upepo umegeuka, mvua haiko mbali. Nimesia kabichi. Kitalu kimoja cha kabichi, kimoja cha nyanya chungu, lengalenga, mchicha wetu, pembeni. Nimefunika kwa majani ya migomba, nikazungushia miba kuku wasiingie.

Kuku wameingia.

Naandika badala ya kusema, maana nikisema Pasikali anasikia, na Pasikali akisikia anatoa ushauri. Leo amekaa kwenye kiti chake ananitazama napanga miba, akasema mama Nadège, ungeipanga karibu karibu. Mume wangu ana akili nyingi sana akiwa amekaa.

Ijumaa, 5 Septemba
Nadège kapiga simu kutoka Kibondo, kwa mume wake. Kajifungua mwezi uliopita, mtoto wa kwanza, wa kiume, Jordan. Sauti yake ndogo. Nikamuuliza unakula nini. Nakula, mama. Nini? Mama, si nimesema nakula. Sasa hilo ni jibu gani? Mtu anayekula anataja chakula.

Maziwa hayamtoshi mtoto. Maji anachota mwenyewe. Mume wake, Dieudonné, ni utingo wa lori, anapita nyumbani kama mgeni.

Mimi nataka aje hapa Rungwe Mpya, kwangu, mpaka mtoto akaze shingo. Lakini siwezi kwenda kumbeba tu kama ndoo niliyoazimisha. Lazima kwanza twende kumhemba, tumpongeze mzazi na mizigo kichwani. Hapo ndipo mama wa binti anapata mdomo wa kuomba. Ukienda mikono mitupu unakula, unashukuru, unarudi ulivyokuja. Mboga zitakuwepo, unga upo. Ila mdomo wenyewe ni kuku. Ninao saba.

Jumapili, 7 Septemba
Kapiga bamwana wangu, Immaculée, mama mkwe wa Nadège. Tunakaribishwa Jumamosi ya tarehe 27. Ana kuku wake thelathini, anavyowataja utadhani ni watoto wake waliofaulu. Huyu anataga, yule analalia, yule mwekundu ana adabu. Nikasubiri. Nikasema, na Nadège? Akasema, yupo.

Yupo. Hata jiwe lipo.

Alhamisi, 11 Septemba
Jana jioni jirani yangu Esteri kapita nyumba kwa nyumba. Kesho msifungulie kuku, kuna chanjo ya kideri. Kichupa kimoja kinatosha mtaa mzima, ila kikishafunguliwa hakilali, kwa hiyo tukusanyike asubuhi moja, kila kuku tone moja jichoni.

Nikamwambia sawa. Leo nimewafungulia kabla hajafika.

Kwetu kuku wa kwenda ukweni hachezewi. Hatiwi dawa, hakatwi bawa, hafungwi kitambaa mguuni. Wakwe wakisikia kuku alitiwa dawa, watauliza alikuwa anaumwa nini. Na Immaculée ataliuliza hilo mbele ya watu, huku anacheka. Namjua.

Esteri kafika kakuta banda tupu na mimi nimeshika ufagio. Akasema, mama Nadège, kuku wako wameenda misa? Nikasema wamewahi. Akapita na kichupa chake ndani ya kikombe cha maji baridi, amekibeba kama padri. Na wangu wakati huo wako kwenye kitalu, wanakula kabichi yangu na miba yake.

Jumatano, 17 Septemba
Kabichi zilizosalimika zina majani mawili mawili. Nimepunguzia kivuli, nimemwagilia. Mbolea ya kuku nimeiacha kwanza, ile mbichi inaunguza.

Kuku wawili wamejikunyata kando ya jiko. Hawali. Kinyesi kijani.

Pasikali anasema ni upepo.

Ijumaa, 19 Septemba
Wamekufa wanne.

Pasikali bado yuko na upepo wake. Nimemwambia basi aukamate.

Kwa Esteri jogoo anawika. Wote wazima. Amekuja, amesimama, ameangalia shimo ninalochimba. Nilikuwa nimejiandaa anicheke, hata jibu nilikuwa nalo. Hakucheka. Amesema pole, dada. Kisha akasema: watakaobaki usiwatoe hapa kwenda kwa mtu.

Afadhali angenicheka.

Jumatatu, 22 Septemba
Amebaki mmoja. Yule wa madoadoa. Anakula, anakimbia, jicho kali.

Nimeenda sokoni kutafuta mwingine. Soko zima ni kuku wanaosinzia. Habari ya kideri imefika kila nyumba, kila mtu anauza haraka kabla hajazika. Mama mmoja amempakata wake kama mtoto mwenye homa. Nikauliza, huyu vipi? Akasema amechoka na safari. Safari ipi, mama? Nyumba yako naiona pale.

Nikarudi. Pasikali akasema tupeleke lengalenga nyingi. Nikamuuliza lengalenga zina mabawa? Akarudi kwenye kiti chake kufikiri.

Alhamisi, 25 Septemba
Nadège tena. Mama, mnakuja kweli? Nikasema tunakuja. Mtakuja na kuku? Nikasema kwa nini unauliza? Akasema mama mkwe ameshawaambia majirani kwamba mtakuja naye, ameshapanga atalala wapi.

Nimeenda kumwangalia wa madoadoa mara nyingi mpaka ameanza kuniogopa. Mzima. Mkia juu. Huenda huyu ugonjwa umempita. Wapo wanaopitwa. Hata kwenye familia wapo.

Esteri sijamwambia kwamba nampeleka.

Jumamosi, 27 Septemba. Kibondo
Tumefika. Kuku njiani alikuwa kwenye kikapu miguuni kwangu, kimya. Nilifurahia ule ukimya, mjinga mimi.

Nilikuja na meno yangu yamenolewa. Sasa ngoja niandike nilichokikuta. Immaculée ametuchinjia jogoo. Yule mwekundu mwenye adabu. Uji wa Nadège anaupika mwenyewe, asubuhi na jioni, mzito wa ulezi, na anasimama hapo mpaka bakuli liishe. Nikamvuta Nadège pembeni. Na maji unayochota? Akasema, mama, nachota ili nitoke kidogo. Wananilisha. Ila hapa hakuna wa kuongea naye. Mume hayupo, baba mkwe anasikiliza redio, na mama mkwe anaongelea kuku. Nimejifunza kuku mpaka naota wanataga.

Kisha akalia. Amekonda uso. Mtoto naye ana macho ya Pasikali, maskini.

Mizigo ikapokelewa, vigelegele vikapigwa. Lengalenga zikasifiwa. Nikaomba, nikasema bamwana, niazime mtoto wangu mpaka huyu mdogo akaze shingo. Akamtazama mumewe. Mumewe akasema atajibu kesho, baada ya misa.

Kuku wangu Immaculée alimpokea mwenyewe kwa mikono miwili. Kuku wa kuhemba hachinjwi, anaachwa azae, ndiyo heshima yake. Wa madoadoa akawa amelegea kidogo. Nikafungua mdomo. Immaculée akaniwahi: amechoka na safari, mama wa watu. Na hawa wangu ni wakali kwa wageni, watamdonoa. Nimemweka banda la ndani, na vifaranga.

Nikasema asante.

Jumapili, 28 Septemba
Wameenda misa, Pasikali pia. Nimebaki na Nadège, eti kiuno kinauma. Walipopotea tu barabarani nikaenda bandani.

Amejikunyata kwenye kona. Shingo inapinda. Chini kijani. Na vifaranga, kumi na kitu, wamejibanza chini ya mabawa yake kwa baridi ya asubuhi. Wamempata mama. Amewafunika.

Nadège akasimama nyuma yangu, mtoto kifuani. Akaelewa. Akanong'ona, mama, tumtie kikapuni, tuseme ametoroka. Nikasema, na hawa? Na wale wa nje? Nikasema tukiwaambia sasa hivi, wale wa nje hawajachangamana naye, wanaweza kutengwa, pengine wakapona. Nadège akamkaza mtoto kifuani. Kisha akasema, mama, nguo za mtoto nimeshazifunga tangu usiku.

Kaingia ndani. Nimekiona kifurushi kitandani. Kafunga mafundo mawili, kama mtu anayeogopa kitafunguka.

Nikisema, Immaculée atauliza: ulijua? Na nitajibu nini? Hapo mdomo wa kuomba umekwisha. Nisiposema, gari la Kasulu, la kuturudisha kwetu, linapita mchana, na kesho mwanangu anakula kwangu, anaongea mpaka achoke. Na huku mwanamke aliyechinja jogoo wake kwa ajili yangu anachimba shimo. Nalijua shimo lile.

Wamerudi. Sikuwasikia wakikaribia. Baba mkwe kasema akiwa bado yuko njiani, hata kofia hajavua: tumekubali, mchukueni, mama yake ni mama yake. Pasikali anashukuru kwa maneno mengi kana kwamba kafanya kitu. Nadège ametoka na kifurushi, hanitazami.

Mimi nimekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda la ndani, mgongo umeuziba mlango. Naandika ili nionekane nina kazi. Immaculée amevua viatu vya kanisani, anakuja na bakuli la maji na punje za mahindi. Anacheka. Anasema, bamwana, mgeni wangu ameamkaje? Hebu sogea kidogo nimwone.