Dodoso Lisilo na Majina

Alhamisi. Mvua imekatika alasiri, ziwa limekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mtaa wetu wote wa Buzebazeba unanuka udongo. Nimeingia ndani sasa hivi, sijavua hata viatu, naandika.

Siko sawa leo.

Wanaonifahamu wanajua nilivyo na kelele kuhusu dodoso langu la mtandaoni. Mradi wa kikundi ukiisha, natuma linki kwenye kundi la WhatsApp, na kila mwanachuo anaeleza wenzake walifanyaje kazi. Jina haliandikwi. Nilipohamishiwa Kigoma nikitokea Njombe, nilikuta wanafunzi wanapeana alama zote hata kwa mtu aliyelala mradi mzima, kisa kuoneana aibu. Dodoso likawafungua midomo. Nilijiona mjanja kweli.

Kikundi cha mradi wa kukausha dagaa kina watu watano. Wanne wamejaza. Goreti hakujaza. Yeye ni mkimbizi kutoka Burundi, anasoma chuoni kwetu kwa kibali cha kutoka kambini. Asipojaza anakosa alama za mradi, na akifeli sidhani kama kibali kitaongezwa. Leo mchana nikamwita ofisini.

Alisimama karibu na mlango. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna atakayejua nani kaandika nini.

"Hicho ndicho ninachokiogopa, madam," akasema. "Waliomtaja baba yangu nao hawakuweka majina."

Akaeleza taratibu, macho yakiwa sakafuni. Baba yake alichukuliwa, hakurudi. Majirani wao wa kule nao walikimbia, wako kambi hiyohiyo. Mama yake anachota nao maji bomba moja, anawasalimia wote, na mpaka leo hajui ni yupi kati yao aliyemtaja mumewe. Akaniomba kitu kimoja tu: awape wenzake maoni yake ana kwa ana, na wao wampe ya kwao hivyo hivyo.

Nikamwambia nitafikiria. Alipotoka nikafungua walichoandika wenzake juu yake. Watatu wamemsifu kwa bidii yake. Wa nne kaandika hivi: "Huyu aangaliwe vizuri. Wahusika waulizwe kama wanamjua ni nani."

Hakuna neno hata moja kuhusu dagaa.

Kwa utaratibu niliouweka mwenyewe, kesho kila mmoja anapokea yaliyoandikwa juu yake. Nimeufuta mstari ule. Goreti atazungumza na wenzake kama alivyoomba, na alama zake atapata. Mkuu wa taaluma akiuliza, nitajibu mimi.

Ila kichwani haujafutika. Tangu nitoke chuoni nazipitisha sura za wale wanne. Ni yule anayekula na Goreti samaki wa migebuka mchana? Ni yule mpole anayemwazima daftari? Nashindwa kujua, kwa sababu sehemu ya kuonyesha majina niliizima kwa mkono wangu, tena kwa mbwembwe.

Na naogopa. Naogopa aliyeandika asije akayapeleka maneno hayo kwingine, kwa watu ambao hawatayafuta.

Kesho nitaingia darasani, watasimama, wataniamkia kwa sauti moja. Nitaitikia marahaba huku nikimtazama nani?