Waliopitisha Kadi Wakachomoka

Ati "mhadhara uliendaje"? Britta, unaniuliza kweli?

Ukumbi ulijaa pomoni! Mzee Hoekstra, yule ofisa wa uchaguzi wa kaunti, akaninong'oneza, "Kumbe vijana mnajali!" Alikuja kutuuliza jambo moja tu: kituo cha kupigia kura kibaki hapa chuoni, au kihamie kule barabara kuu?

Sasa si unajua upuuzi wetu wa kupitisha kadi mlangoni ili upate alama za mahudhurio? Mashine ya kadi ilipozimwa tu, watu wakaanza kuchomoka kwa mlango wa nyuma. Mzee wa watu anaongea! Anaongea, Britta, na wao wanachomoka!

Akasema, "Wanaotaka kibaki, nyoosheni mikono." Nikanyoosha mimi, na Profesa Lindqvist, na yule bibi anayefuataga biskuti za bure.

Akafunga mkoba wake taratibu. "Basi binti, jibu nimelipata."

Nikamwambia walikuwepo, wametoka tu! Akasema, "Nimewaona wakitoka."

Kwa hiyo Novemba tutapiga kura kule barabara kuu, kwenye gereji ya magari ya kusukuma theluji, na nusu yetu hatuna usafiri.

Nimechoka.

Halafu njoo uchukue skafu yako. Uliisahau pale ukumbini, kwenye kiti cha mbele yangu.