Nusu Ukurasa kwa Patroni

Biryogo, Kigali
Jumapili, 14 Februari 1993

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa, umeshakunywa chai yako, na miguu imepungua kuvimba. Shangazi Shami hajambo? Bado anakugombeza ukibeba ndoo? Mwambie aendelee, nimempa ruhusa. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Vita vimerudi upande wa kaskazini na watu wanateremka mjini na magodoro vichwani, lakini Biryogo bado tunashona, tunapika na kugombana vilevile ulivyotuacha. Mfungo unakaribia, na unga wa uji umeshaanza kufichwa madukani.

Uliniuliza mbona Zaituni haandiki. Ulisema huyu mdogo wangu hajawahi kukaa kimya mwezi mzima tangu ajue kushika kalamu. Nitakujibu, Mama, ila niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianzia hapo nitashindwa kuendelea.

Unajua mimi ni karani pale kiwanda cha sabuni, Gikondo, na Zaituni yuko hukohuko, idara ya kukata. Kampuni ina watu zaidi ya mia nne, na Patroni wetu, mkubwa wa kiwanda, Mzungu aliyekuja mwaka juzi, hajui Kinyarwanda wala Kiswahili. Mwaka jana alitundika sanduku la mbao karibu na lango, akatangaza kwamba kila mfanyakazi aandike linalomkera, naye atalisikia. Watu walifurahi, sikufichi. Walikuwa hawajawahi kuulizwa kitu. Ufunguo nilipewa mimi, kwa sababu ya Kifaransa changu cha shule ya mapadri, na kazi ikawa kulifungua kila Ijumaa, kusoma barua zote na kumwandikia Patroni muhtasari. Alitaka nusu ukurasa, usizidi. Alisema ana shughuli nyingi.

Sasa, unawajua watu wetu wanavyoandika kwa mkubwa. Hakuna anayeanza na shida, huo ni utovu wa adabu. Mtu anamuulizia Patroni afya, anamuulizia mkewe ambaye hajawahi kumwona, anaishukuru Kampuni kwa miche miwili ya sabuni ya kila mwezi, anamwombea maisha marefu. Karatasi inageuzwa, na huko nyuma, chini kabisa, ndipo shida inapochungulia. Mimi nikawa natafsiri ya mbele. Nusu ukurasa hujaa upesi, Mama. Ya nyuma niliigusia kwa neno moja, au sikuigusa kabisa. Patroni alipendezwa. Alisema hajawahi kuona kiwanda chenye watu walioridhika hivi, na mwezi wa kumi na mbili akanitangaza Mfanyakazi Bora wa Mwaka. Ndiyo ile picha niliyokutumia, mimi nimeshika cheti na kutoa meno yote nje. Aliyepiga makofi kuliko wote siku ile ni Zaituni.

Mama, Zaituni ameumia. Yu hai, anakula, usilie kabla hujamaliza kusoma. Tarehe kumi na tatu mwezi uliopita, mashine ya kukata sabuni ilimkata vidole vinne vya mkono wa kuume. Kimebaki kidole gumba. Mashine ile huendeshwa kwa kanyagio: ukikanyaga kisu kinashuka, ukiondoa mguu kinapanda na kubaki juu. Siku hiyo alikuwa ameshaondoa mguu, anapanga miche, na kisu kikashuka chenyewe. Wiki mbili alikuwa hospitali. Sasa yuko hapa kwangu na mwanawe Gwiza. Cherehani yake nimeifunika kitambaa, kwa sababu kila akiiona anageuza uso.

Kampuni iliunda kikao. Kapita, msimamizi wa idara ile, Viateur, alisema mashine ni nzima na Zaituni alikuwa anapiga soga. Patroni naye alieleza sheria yao. Kama kuna aliyewahi kutoa taarifa kwamba mashine ni mbovu na Kampuni haikuitengeneza, basi kosa ni la Kampuni: itamtibu mpaka mwisho na kumpa kazi ya kukaa, ya kuhesabu maboksi, maadamu yu hai. Kama hakuna taarifa, kosa ni lake, na kazi imekwisha. Mkalimani kati ya Patroni na Zaituni nilikuwa mimi. Kwani nani mwingine?

Zaituni alisimama na mkono wake umefungwa bendeji, hakuogopa hata kidogo. Alisema aliandika mwezi wa tisa kwamba kanyagio linanata na kisu kinashuka bila kuguswa. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa ile sauti yake ya nyumbani, "Mwambie vizuri, kaka. Barua iko kwenye sanduku, mimi mwenyewe nilitia."

Alisema kweli. Barua ile niliisoma, Mama. Niliujua mwandiko wake kabla sijaona jina, nikacheka peke yangu ofisini kwa jinsi alivyomsalimia mke wa Patroni mistari mitano. Niligeuza karatasi, nikaona habari ya kisu, na nikaelewa. Nilijiambia Viateur akijua atamfukuza. Nilijiambia pia kwamba watasema karani anatumia ofisi kumsemea dada yake. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimeizoea sifa, na nusu ukurasa ule ulikuwa umeshapendeza. Nikaandika kwamba mfanyakazi wa idara ya kukata anamsalimia Patroni na familia yake. Mwisho wa mwaka, kwa amri, barua zote zilichomwa nyuma ya boila. Aliyezichoma ni mimi. Kilichobaki ni faili la mihtasari, na kila muhtasari una sahihi yangu.

Patroni akaniuliza Zaituni amesema nini. Mama, nilifungua mdomo kwa nia ya kuyasema yote. Nikaliona lile faili mbele yake mezani. Nikasema kwamba mfanyakazi anamshukuru Mungu kuwa yu hai, na anaomba Kampuni imkumbuke.

Patroni aliguswa. Alinyoosha mkono kumpa, akakuta wa kuume una bendeji, akamshika wa kushoto, kisha akaagiza apewe katoni nzima ya sabuni. Zaituni alidhani amesikilizwa. Alipiga goti kumshukuru. Njiani aliniuliza jibu litatoka lini, nami nikamwambia bado wanaangalia. Amekuwa akiniuliza kila jioni tangu siku hiyo, huku barua ya kumwachisha kazi iko kwenye mfuko wa koti langu.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa Patroni kukiri. Nilimkuta anafunga masanduku, Wazungu wengi wanaondoka kwa sababu ya vita. Nilianza kumuulizia afya, safari, mkewe. Adabu hii imeniingia mpaka kwenye mifupa. Akatazama saa, akasema kama nina la zaidi nimwandikie. Nikatoka. Sijui ningefanya nini, Mama. Sijui hata sasa.

Msalimie Shangazi Shami na majirani wote wa huko Ujiji wanaonikumbuka. Gwiza anakuamkia, amejifunza kumfunga mama yake vifungo vya gauni. Dereva atakayeichukua barua hii yuko Nyabugogo hadi Jumatano, kisha anashika njia ya Rusumo kuja huko.

Bahasha sitaifunga. Zaituni ameamka, namsikia anahangaika na kiberiti huko jikoni kwa mkono mmoja. Nikimaliza kutia sahihi nitampa aisome barua hii, kurasa zote, mbele na nyuma, na yeye ndiye atakayeamua kuipeleka kwa dereva au kuitia kwenye jiko. Kwa hiyo ukiipata, Mama, ujue ni yeye aliyekubali uipate.

Ni mimi mwanao,
Hamimu