Fundi wa Vigae na Sindano ya Pili

Jumamosi, 1 Machi

Mwanangu,

Habari za huko kambini? Vumbi la hiyo barabara mnayoijenga limekubakishia mapafu? Sisi hapa wazima, ukiuondoa mgongo wangu, ambao siku hizi una akili zake. Barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji. Nikikaa naungua, nikilala naungua, nikitembea hatua kumi natafuta ukuta.

Maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka nyuma ya paja la kulia hadi kidole kidogo cha mguu. Miaka thelathini na moja ya kutandaza vigae kwa magoti, ulitegemea nini? Mke wako kanipeleka kwa daktari. Daktari kaangalia picha ya mgongo wangu, kasema kile kisahani laini kilichoko kati ya pingili na pingili kimechomoza, kinaubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Anataka kunichoma sindano ya mgongo. Ya mgongo, mwanangu! Jirani yetu fundi bomba anasema anamjua mtu aliyechomwa akatoka kwa kiti cha magurudumu. Nimemuuliza jina la huyo mtu, hajui. Lakini usingizi umenipaa. Nifanye nini? Nina sakafu ya shule nzima inanisubiri.

Baba yako


Jumatatu, 3 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Mimi mzima, nakohoa tu. Naandika haraka maana gari la mahitaji hufika huku Jumatatu na kuondoka siku hiyo hiyo, na mtandao ndiyo hivyo tena, hadi uufuate kilomita themanini.

Nimemuuliza tabibu wa kambi. Anasema sindano hiyo haichomwi kwenye uti wenyewe. Inaweka dawa ya kupunguza uvimbe karibu na ule mshipa uliobanwa, basi. Kisahani haikirudishi; inatuliza maumivu wakati mwili unajitengeneza. Wengine hupata nafuu ya miezi, wengine ya siku, wengine hawapati. Fundi bomba akazibue mabomba yake. Kachomwe, baba. Na daktari akikuuliza, sema yote, usichague. Nakujua: ulitembea na jino bovu mwaka mzima ukituambia ni upepo.

Mwanao


Jumamosi, 22 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mke wako anakusalimu, nyumba ni shwari. Nimechomwa!

Walinilaza kifudifudi, mto chini ya tumbo, wakanipaka kitu cha baridi, daktari macho kwenye kioo cha mashine anaangalia sindano inakokwenda. Niliuma shuka. Kwanza ikashika ganzi, nikatoka mguu mwepesi, nikamwambia mke wako tushindane hadi getini. Jioni ganzi ikaisha, maumivu hayoo yamerudi, na begi lao. Nilimsema daktari vibaya sana. Kumbe dawa yenyewe inataka siku kadhaa. Siku ya nne niliamka mguu umenyamaza. Nililia, sikufichi.

Sasa niko kazini. Daktari alisema nianze polepole, na nimeanza polepole: darasa moja kwa siku.

Baba yako


Jumatatu, 24 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefurahi hadi nimeruka, kisha nikasoma mstari wa mwisho. Darasa moja kwa siku ni polepole ya nani? Na maboksi ya vigae anayabeba nani? Usinijibu, najua. Moyo wangu hautulii, baba. Shule haikimbii.

Mwanao


Jumamosi, 19 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe kwa wiki nne za kimya. Natumaini kikohozi kimekuacha. Hii barua isome peke yako.

Ulisema kweli. Niliinua boksi, kiuno kikakatika, nikabaki nimepiga magoti katikati ya darasa la nne, mwalimu mkuu akidhani nasali. Juzi Alhamisi nikachomwa sindano ya pili. Kabla ya kunichoma daktari akauliza, "Mzee, haja ndogo inatoka vizuri? Pale unapokalia unahisi kama kawaida?" Mke wako alikuwa amesimama pale pale, kanishikia kofia. Ningesema nini, mbele ya mkwe? Nikajibu, "Salama kabisa."

Haikuwa salama. Tangu Jumatano haja inakuja kwa tone. Nasimama msalani hadi miguu inatetemeka, natoka kama nilivyoingia. Na pale pa kukalia pamekufa. Jana nimekalia funguo za nyumba, tukazitafuta saa nzima. Mguu wa kushoto nao umeanza. Najiambia safari hii ganzi ya sindano wameizidisha. Lakini nitamdanganya nani? Sindano ni ya Alhamisi, na ganzi nilikwenda nayo.

Naogopa, mwanangu. Mara tatu nimetaka kuichana karatasi hii. Mke wako ndiye ataipeleka kwa dereva wenu. Yeye usimwambie kitu.

Baba yako


Jumatatu, 21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimemsomea tabibu barua yako, akasimama kitini. Anasema hilo si jambo la kulala nalo hata siku moja: mishipa inayotawala kibofu imebanwa, na dawa yake ni kisu, siku hiyo hiyo. Na barua yako imekaa njiani siku mbili! Nimezunguka kambi nzima, nimemshika msimamizi shati. Ruhusa hakuna hadi ujenzi uvuke daraja lililo mbele yetu.

Dereva ameniahidi kwamba mahali pa kwanza penye mtandao atampigia mke wangu. Na hii atakupa mkononi. Mwambie daktari, baba. Mwambie mke wangu. Mwambie hata fundi bomba! Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, sasa unaficha nini?

Nijibu. Nakuomba sana, nijibu.

Mwanao


Ijumaa, 25 Aprili

Mwanangu,

Niko hai. Naandika nimelala, vumilia mwandiko.

Dereva alipompigia mke wako, tulikuwa hospitali tangu ile Jumamosi. Bahasha sikuifunga, na gundi ilikuwa mezani. Nilimpa mke wako ikiwa wazi, nikaingia chumbani, nikakaa namsikiliza. Nikasikia karatasi inakunjuliwa, kisha mlango ukagongwa. "Baba, vaa viatu." Kwenye teksi aliangalia dirishani njia nzima ili nisione haya, akashuka mara moja tu kumkabidhi dereva wenu barua yako, asimwambie tunakwenda wapi.

Walinipasua mchana ule ule. Daktari hakunibembeleza. Alisema, "Sindano haijakufanya hivi, mzee. Kisahani kilikuwa kimeshamwagika. Ila ungenijibu ukweli nisingekuchoma, ningekupeleka upasuaji Alhamisi ile ile." Nilitamani kitanda kinimeze.

Miguu yote miwili inatikisika, namshukuru Mungu. Magoti na vigae ndiyo basi tena, hilo nimelikubali kwa shingo upande. Lakini nimewekwa mpira wa haja ndogo, na mfuko unaning'inia hapa pembeni. Daktari anasema kibofu kinaweza kurudi baada ya wiki, au miezi, au kisirudi kabisa. Mimi nizeeke na mfuko kiunoni? Na anayeumwaga ni mke wako. Mimi niliyeshindwa kusema neno moja mbele yake! Nageuza uso ukutani kila akiingia.

Baba yako


Jumatatu, 28 Aprili

Baba yangu, shikamoo, na pole sana.

Nilikaa wiki nzima sijui kama nina baba. Nikisikia injini natoka nje, hata ya katapila. Umenikasirisha, na nakupenda, vyote viwili kwa pamoja, sijui nianze na kipi.

Mwambie mke wangu sina cha kumpa zaidi ya asante. Na usigeuke ukutani. Huyo alishakusoma yote, ukuta utakusaidia nini? Daraja tutalivuka mwisho wa Mei. Hadi hapo niandikie hata mstari mmoja: imetoka au haijatoka.

Mwanao


Alhamisi, 8 Mei

Mwanangu,

Salamu nitakupa baadaye.

Jumatatu walitoa mpira wakajaribu, hola, wakaurudisha. Leo asubuhi wameutoa tena. Nesi kafungua bomba la maji eti linishawishi, nikamwambia mimi si mtoto mchanga, akalifunga, akaenda zake. Dakika ishirini nimesimama humo msalani. Mke wako yuko nje ya mlango, anajifanya hayupo. Jasho linanitoka. Nikawaza, ndiyo imekwisha hivyo.

Nikamwita. Nikamwambia kwa sauti, wodi nzima inasikia, "Mama, haijatoka. Naogopa."

Akasema, "Ngoja tu, baba. Leo hatuna pa kwenda."

Tukangoja, yeye huko, mimi huku. Akawa ananisimulia wajukuu wangu walivyompaka paka masizi.

Nimekojoa, mwanangu.

Kidogo, kikombe hakijai. Lakini mwenyewe, na nimehisi. Mke wako kapiga vigelegele hadi mlinzi kaja mbio kuuliza nani kajifungua, akaambiwa ni baba.

Baba yako